Kazi ya mtu ipo, mwambie: namna ya kumjulisha kuna nakala iliyojisevu

Naandika hii kwa vijana wanaotengeneza programu za kuandikia, ziwe za kompyuta au za simu, na hata yule anayetengeneza kisanduku kidogo tu cha kuandikia ndani ya mfumo wa ofisi. Mi nimekaa steshenari hapa Ngamiani, Tanga, miaka kadhaa nataipu kazi za watu, barua, CV, mitihani ya shule, risala za harusi, mikataba ya viwanja, afu baadae ndo nikajifunza kuandika programu, kwa hiyo hili jambo la programu kuitunza kazi yenyewe afu isimwambie mtu nimelionja pande zote mbili na linaniuma kweli.

Kilichonifanya nianze kulifikiria ni mama mmoja aliyetoka upande wa Moa. Alikuja mchana na daftari la mistari, ndani imeandikwa kwa mkono katiba ya kikundi chao cha mwani, ilitakiwa ifike kwa afisa maendeleo kesho yake asubuhi. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, nina haraka gari la mwisho lisiniache. Nikaanza kutaipu. Nilisevu mara moja tu, kurasa mbili za mwanzo, afu nikazama kwenye kazi nikasahau. Nipo ukurasa wa saba umeme ukakatika.

Uliporudi nikafungua faili, kurasa mbili. Chini kabisa ya skrini kulikuwa na mstari wa kizungu wa maandishi madogo, sikuwahi kuusoma maana nilikuwa tayari nabonyeza mshale wa kushuka nitafute kazi yangu huko chini, na nilipobonyeza mstari ukapotea. Nikamwambia mama imepotea. Hakunigombeza. Alifuta miwani kwa kanga, akafungua daftari tena, akawa ananisomea ibara moja moja ili niende haraka, tumemaliza saa mbili usiku gari limeshaondoka zamani, akaenda kulala kwa ndugu yake Makorora. Asubuhi natafuta kitu kingine kwenye ile folda naona faili lina jina la ajabu ajabu, nafungua, kurasa saba zote zipo, mpaka neno la mwisho nililokuwa naliandika umeme ukikatika, "mwanachama ataka".

Yaani kazi ilikuwepo muda wote ule mama ananisomea. Programu ilitunza vizuri kabisa, ila haikunifikishia habari. Na nilipoanza kusoma jinsi programu zinavyoandikwa nikaona wengi wetu tunatumia siku nyingi kwenye kutunza, afu ile sehemu ya kumwambia mtu tunaimaliza kwa mstari mmoja wa kodi ya programu dakika za mwisho. Nakala ambayo mwenyewe hajui kama ipo, kwake haipo.

Basi tuanze.

Kwanza jua kama kuna cha kusema

Mtu anapofungua faili, programu iangalie kama kuna nakala iliyojisevu ya faili hilo. Ikiwepo usikimbilie kupiga kelele, linganisha kwanza yaliyomo. Kama nakala na faili vinafanana herufi kwa herufi, ifute kimya kimya uendelee, mtu hana haja ya kujua. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ukimtahadharisha mtu mara kumi kwa kitu kisicho na maana, ya kumi na moja hasomi, na ya kumi na moja ndo yenye kazi yake.

Wengi wanalinganisha saa tu, yaani kama nakala ni mpya kuliko faili ndo wanasema, kama ni ya zamani wanaitupa. Jamani msifanye hivyo. Kompyuta nyingi za steshenari ni zile deskitopu zilizotumika, na ile betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao wa ndani imekufa siku nyingi. Hiyo ndo inayotunza saa kompyuta ikiwa haina umeme. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, unawasha unakuta ni Januari ya mwaka ambao hata duka halijafunguliwa. Sasa fikiria hapo, umeme unakatika, saa inarudi nyuma, mtu anaandika mpaka inakatika tena, nakala yake mpya kabisa ina tarehe ya zamani kuliko faili. Programu inayoamini saa itaitupa kazi ya leo ikidhani ni takataka. Saa itumie kama dokezo tu, uamuzi utoke kwenye yaliyomo, vikitofautiana tu basi muulize mwenyewe.

Kitu kingine, tenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. Nakala inaweza kuwepo kwa sababu programu ilikufa ghafla, au kwa sababu faili hilo hilo limefunguliwa sasa hivi kwenye dirisha jingine au kompyuta nyingine ya humo humo dukani. Vim, programu ya kuandikia wanayoitumia sana watengenezaji, inajulikana kwa hili, ukifungua faili lenye nakala inakuletea onyo namba E325 lenye maelezo marefu, linakwambia huenda ni hiki au huenda ni kile, afu linakupa herufi za kuchagua, O, E, R, D, Q, A. Mtu mgeni akifika hapo anaogopa, na mtu mzoefu ameshaliona mara nyingi kiasi kwamba kidole kinaenda kwenye E chenyewe, yaani hariri tu liwalo na liwe, bila kusoma. Na kinachonisikitisha ni kwamba Vim inazo habari za kumsaidia, ndani ya nakala yake inaandika namba ya programu iliyokuwa inaendesha faili na jina la kompyuta. Wewe ukiwa nazo hizo zitumie kabla ya kumuuliza mtu. Programu ile bado iko hai kwenye kompyuta hii? Basi sema "faili hili liko wazi kwenye dirisha jingine, nikupeleke?" Imekufa? Basi zungumza habari ya kurudisha kazi. Ni jumbe mbili tofauti, usizichanganye.

Weka ujumbe pale macho yalipo, na ukae

Hapa ndo nilipoumia mimi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu akifungua faili macho yake yanaenda juu kwenye kichwa cha habari na mistari ya mwanzo. Haendi chini kwenye kona. Emacs, programu ya siku nyingi na nzuri sana kwa kutunza, inaweka ujumbe wake kwenye mstari wa chini kabisa, inasema faili hili lina data iliyojisevu, fikiria kutumia amri fulani. Ujumbe unasimama kidogo, afu ukibonyeza kitu au ukija ujumbe mwingine huo umeondoka. Na amri yenyewe inabidi uikumbuke uiandike. Aliyezoea sawa, lakini mtu aliyepotelewa na kazi kitu cha kwanza anachofanya ni kubonyeza bonyeza huku na huku kuitafuta. Kwa hiyo ujumbe unaokufa kwa kubonyezwa unakufa kwa yule yule aliyekuwa anauhitaji.

Vile vijisanduku vinavyojitokeza pembeni vikakaa sekunde tano vikayeyuka navyo ni ugonjwa ule ule. Mteja anaweza kuwa amegeuka kupokea fotokopi.

Upande wa pili kuna kisanduku kinachoruka katikati ya skrini na kuzuia kila kitu mpaka ujibu. Hicho kinaonekana, ni kweli, ila watu wanaotaipu kwa kasi hawaangalii skrini, wanaangalia karatasi. Kisanduku kinaruka, yeye vidole vinaendelea, anagonga enta, kisanduku kimejibiwa na hajui kimeuliza nini. Kama batani iliyochaguliwa tayari ilikuwa ile ya kutupa, basi kazi imekwenda. Ukilazimika kutumia kisanduku, enta isijibu chochote. Emacs kwenye hili imefanya vizuri, ukiomba kurudisha faili inakuonyesha faili zote mbili na ukubwa wake na tarehe zake, afu inataka uandike jibu lote zima kwa herufi zake, kugonga kitufe kimoja hakutoshi.

Ninachokipenda mimi ni ukanda. Ukanda wa rangi iliyo tofauti na karatasi, juu ya maandishi, ndani ya lile lile dirisha la faili, unaokaa hapo mpaka mtu aujibu, hata akisoma faili, akishuka, akipanda, upo. Wa programu ya kuandikia inayoitwa Kate wanafanya hivi, wanasema faili halikufungwa vizuri, na chini yake batani za kuona mabadiliko, kurudisha na kutupa. Haikuzuii na haikukimbii. Nilipouona mara ya kwanza nilimkumbuka yule mama.

Sasa ukanda ukiwepo kuna mtego, mtu anaweza asiujibu akaanza kuandika kwenye faili la zamani. Aruhusiwe. Lakini kuandika kwake kutaanza kujisevu nako, na kama nakala mpya inaandikwa kwa jina lile lile la nakala ya zamani, umeifuta kazi yake huku ukanda bado unamwambia ipo! Nakala mpya iende kwenye jina jingine. Vim hili wanalijua, nakala ya kwanza inaishia na swp, ikiwa hiyo ipo inayofuata inaishia na swo, afu swn, wanarudi nyuma hivyo hivyo. Iga.

Maneno yenyewe

Usiandike "data ya urejeshaji imegunduliwa". Hakuna mtu Tanga anaongea hivyo. Andika kama unavyomwambia mtu aliyekaa mbele yako kwenye benchi la mbao anasubiri:

"Kompyuta ilizima kabla hujasevu. Tumeitunza kazi yako. Faili ulilofungua lina kurasa 2, nakala tuliyoitunza ina kurasa 7. Maneno ya mwisho uliyoandika: 'Ibara ya 14. Mwanachama ataka'"

Angalia vitu vilivyomo. Kilichotokea, kwa maneno manne tu. Afu habari njema mapema, maana mtu moyo unamdunda, mwambie ipo kabla ya kumweleza mengine. Afu kurasa mbili na kurasa saba, hapo hapo anajua ipi ni ipi. Na mwisho yale maneno ya mwisho, ambayo kwangu mimi ndo kitu chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu mtu hakumbuki aliandika saa ngapi wala faili lilikuwa na ukubwa gani, ila ukimwonyesha sentensi aliyoikatia njiani anaitambua kama anavyoitambua sauti yake. Ningeonyeshwa "mwanachama ataka" siku ile nisingehitaji maelezo mengine.

Ukitaja saa, itaje kama watu wanavyoitaja, saa 11:42 jioni, siyo 17:42. Na ukiandika 5:42 kwa saa ya kizungu, nimeona watu wanadhani ni ya asubuhi karibu na saa sita mchana. Na kama unaweza kusema "dakika 20 zilizopita" ni bora zaidi, ila saa ya kompyuta ikiwa imerukaruka usiseme hivyo, hapo kaa kimya kuhusu muda, maneno ya mwisho yanatosha.

Useme ukweli pia kuhusu pengo. Kila programu ina mwendo wake wa kutunza. Vim kwa kawaida inaandika nakala ukishataipu herufi 200 au ukitulia sekunde 4, Emacs ni herufi 300 au kutulia sekunde 30, Word kwa jinsi inavyokuja inatunza kila baada ya dakika 10. Dakika 10 kwa mtu anayetaipu haraka ni karibu ukurasa mzima. Kwa hiyo ongeza "huenda sentensi za mwisho hazimo" kama ndivyo ilivyo, mtu aende kukagua mwisho wa kazi, asije akaprinti akakuta ibara haina mkia.

Batani

Tatu zinatosha, na moja ya pembeni. "Nionyeshe tofauti", "Rudisha kazi yangu", "Baadaye". Ile ya nne, "Tupa nakala", iweke mbali kidogo na hizi, isiwe na rangi ya kuvutia kidole.

Neno "Ghairi" naomba uliache. Limejaa kwenye programu zilizotafsiriwa, na kila mtu akiliona dukani ananiuliza, kaka nikibonyeza hapa naghairi nini, kuokoa au kufuta? Na ni swali sahihi kabisa. Hali kadhalika "Ndiyo" na "Hapana" peke yake, mtu mwenye hofu hasomi swali anasoma batani tu, kwa hiyo batani yenyewe iseme itafanya nini.

"Nionyeshe tofauti" usiiache kwa uvivu. Weka kurasa mbili ubavu kwa ubavu, kilichoongezeka kwa rangi moja, kilichoondoka kwa rangi nyingine. Kuna siku nakala ina mazuri na faili lina mazuri, mtu alisevu kidogo kule akaandika kidogo huku, anatakiwa achukue aya hii na aya ile. Ukimlazimisha achague moja azike nyingine umemnyima haki yake.

Na "Baadaye" maana yake ni baadaye kweli. Ukanda unajikunja unakuwa alama ndogo juu pale, nakala inabaki, kesho akifungua anakumbushwa.

Akishabonyeza Rudisha

Mpe ile nakala ndani ya dirisha, lakini faili lake la zamani kwenye diski usiliguse mpaka yeye mwenyewe asevu. Kontroli Z imrudishe alikotoka. Akisevu, hapo ndo usafishe nakala wewe mwenyewe. Vim inamwachia mtu kazi ya kwenda kuifuta, asipoifuta kesho onyo linakuja tena kwa kazi ambayo ameshaiokoa, na ndo hapo watu wanapojifunza kutosoma.

Akibonyeza Tupa, isipotee papo hapo, iweke mahali siku kadhaa. Watu wanatupa kwa hasira.

Kompyuta ya wote

Hili watengenezaji wa mbali huwa halionekani kwao kwa sababu kila mmoja ana laputopu yake. Kwetu kompyuta moja kwa siku inapita kazi za watu thelathini. Notepad++, programu nyingine ya kuandikia, inatunza kila sekunde 7 na ukiiwasha inakufungulia kila kitu kama ulivyokiacha, hata vile ambavyo havijapewa jina, bila kuuliza, na nyumbani huo ni uungwana mkubwa. Ila steshenari uungwana huo maana yake mteja wa saa nne anakaa anakutana na barua ya talaka ya mteja wa saa tatu. Kwa hiyo yale maneno ya mwisho niliyoyasifia hapo juu yaonyeshe tu kwa mtu aliyefungua faili lenyewe. Kwenye orodha ya kuanzia weka jina la faili na idadi ya kurasa, basi, na kama halina jina andika "kazi isiyo na jina, kurasa 3" mpaka mtu aombe kuiona. Weka na mpangilio wa kuzima huko kufunguka kwa kazi kwenyewe kwa ajili ya kompyuta za wote, mahali panapoonekana.

Na fleshi. Mteja anakuja na fleshi, anafanyia kazi humo humo, umeme unakatika, anachomoa anaenda duka la Barabara ya 8 wenye jenereta. Nakala umeiweka wapi? Kama imekaa pembeni ya faili kwenye fleshi, ameondoka nayo, vizuri. Kama iko kwenye diski ya kompyuta yangu, imebaki kwangu na yeye kule anaona kurasa mbili. Ukiweza weka pembeni ya faili. Usipoweza, basi umeme ukirudi programu ikifunguka iseme "kuna kazi ya fleshi ambayo haijachomekwa sasa, nakala iko kwenye kompyuta hii", ili mwenye duka ampigie mteja simu. Mi ningepiga.

Kuijaribu

Usiijaribu kwa kufunga programu kistaarabu, chomoa waya ukutani katikati ya sentensi. Chomoa fleshi bila kuiaga. Rudisha saa ya kompyuta nyuma miaka kumi ufungue faili. Fungua faili moja madirisha mawili. Afu chukua mtu asiyejua umetengeneza nini, shangazi, jirani, mpe aandike barua, mzimie umeme akiwa kwenye aya ya tatu, uwashe, ukae pembeni na mdomo wako umefungwa. Angalia macho yake yanaenda wapi kwanza, na kidole chake kinabonyeza nini kabla hajasoma. Akigeuka kukuuliza "sasa hii kazi yangu iko wapi?" huku ukanda uko juu pale unamsubiri, basi rudi ukaubadilishe, rangi, mahali, maneno, umwite na mwingine, maana huyu wa kwanza ameshajua.